Mfanyabiashara wa Kagongwa na uchaguzi wa jukwaa la kujengea tovuti

KAGONGWA ni mji mdogo ulioko katika Manispaa ya Kahama, mkoani Shinyanga, kando ya barabara kuu itokayo Isaka kuelekea Kahama mjini na hatimaye mipaka ya Rwanda na Burundi. Umaarufu wake unatokana na mchele. Mpunga wa Kahama, Msalala, Ushetu na wilaya jirani za Mkoa wa Geita huletwa hapo, hukobolewa, hupangwa kwa madaraja na kupakiwa katika malori yaendayo mikoa mingine na nchi jirani.

Biashara ya namna hiyo huendeshwa zaidi kwa kufahamiana. Dalali anamjua mnunuzi, mnunuzi anamjua mwenye mashine, na mambo mengine humalizwa kwa simu. Lakini mnunuzi aliyeko Bujumbura, Goma au Dar es Salaam, ambaye hajawahi kukanyaga Kagongwa, hutaka kwanza kujua anayemtumia fedha ni nani, ana stoo wapi na mchele wake ni wa daraja gani. Tovuti inaweza kumjibu maswali hayo hata usiku wa manane, wakati mwenye mashine amelala.

Swali linalofuata ni tovuti hiyo ijengwe kwa kutumia nini. Majukwaa ya kujengea tovuti ni mengi, na kila moja hujitangaza kuwa ndilo rahisi na bora kuliko mengine. Makala haya yanaeleza aina za majukwaa hayo na mambo ya kupima kabla ya kutoa fedha. Kipimo kikuu ni kimoja: jukwaa linalofaa ni lile ambalo mwenye biashara anaweza kuliacha siku yoyote bila kupoteza jina lake, picha zake wala wateja wake.

Kwa nini kurasa za kijamii hazitoshi

Wafanyabiashara wengi huona kuwa ukurasa wa Facebook au Instagram, pamoja na namba ya WhatsApp, unatosha. Ni kweli kwamba huduma hizo hazina gharama ya kuanzia, na wateja wengi tayari wamo humo. Hata hivyo, mwenye ukurasa ni kama mpangaji. Masharti huwekwa na mwenye nyumba.

Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa wakati mmoja duniani kote kwa takriban saa sita. Aliyekuwa ameweka biashara yake yote huko alibaki bila mlango. Aidha, Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini Tanzania, na waliokuwa wakiutumia kujitangaza walilazimika kutafuta njia nyingine. Kurasa za kijamii zinafaa kuendelea kutumika, ila zimwelekeze mteja kwenye anuani ambayo ni mali ya biashara yenyewe.

Jina kabla ya jukwaa

Kosa linalogharimu zaidi hutokea kabla hata jukwaa halijachaguliwa, nalo linahusu jina la kikoa, yaani anuani ya tovuti kama ile inayoishia na .co.tz au .com. Jina hilo halinunuliwi moja kwa moja. Husajiliwa kwa muda, kwa kawaida mwaka mmoja au zaidi, na lisipolipiwa tena huweza kuchukuliwa na mtu mwingine.

Majina yanayoishia na .tz ni ya Tanzania na hupatikana kupitia wasajili walioidhinishwa. Miongoni mwake, .co.tz ni kwa ajili ya makampuni na biashara, .or.tz kwa asasi, .ac.tz kwa vyuo na .go.tz kwa taasisi za Serikali. Kwa mwenye mashine ya mpunga au duka la vifaa, .co.tz humweleza mteja mara moja kuwa biashara iko Tanzania. Ni busara jina hilo lifanane na lile lililosajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), ili mnunuzi anapolinganisha ankara, leseni na tovuti asione majina matatu tofauti.

Tatizo huanza pale fundi wa tovuti anaposajili jina hilo kwa jina lake mwenyewe na barua pepe yake mwenyewe. Fundi akihama mji, akibadili namba ya simu au akigombana na mteja wake, mwenye biashara hana pa kushika. Kadi za biashara, maandishi ya ubavuni mwa lori na nembo kwenye magunia vyote vinaonyesha anuani asiyoweza kuitawala. Kwa hiyo sharti la kwanza ni kwamba mmiliki anayeandikwa kwa msajili awe mwenye biashara au kampuni yake, na barua pepe inayopokea taarifa za kulipia iwe yake.

Aina tatu za majukwaa

Aina ya kwanza ni majukwaa ya kukodi, ambapo kampuni moja hutoa kila kitu: violezo vya kurasa, mahali pa kuhifadhi tovuti na ulinzi. Wix, iliyoanzishwa Israel mwaka 2006, na Squarespace ya Marekani ni mifano inayofahamika. Shopify ya Canada, ambayo nayo ilianza mwaka 2006, imejikita katika maduka ya mtandaoni. Mtumiaji hahitaji kujua lugha za kompyuta; huchagua kiolezo, hubadili picha na maandishi, kisha hulipa kila mwezi au kila mwaka.

Faida ya aina hii ni wepesi. Mtu anaweza kuanza asubuhi na jioni akawa na tovuti inayoonekana. Hasara yake huonekana siku ya kuondoka. Wix, kwa mfano, haitoi njia ya kuichukua tovuti nzima na kuihamishia kwenye seva ya mtoa huduma mwingine. Shopify humruhusu mteja kuchukua orodha ya bidhaa zake, lakini sura ya duka hubaki huko huko.

Aina ya pili ni programu huria, ambazo mtu huzichukua bila malipo na kuziweka kwenye seva anayoikodi mwenyewe. WordPress, iliyotolewa Mei 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, ndiyo inayotumika zaidi, kwani zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zimejengwa nayo. Drupal ilitolewa mwaka 2001. Joomla ilizaliwa mwaka 2005, na jina lake lina asili ya Kiswahili: limetokana na neno "jumla", likaandikwa kwa tahajia ya Kiingereza.

Kwa programu hizi, mwenye tovuti anaweza kuchukua mafaili yake yote na kuhamia kwa mtoa huduma mwingine, ndani au nje ya nchi. Isitoshe, kwa kuwa WordPress inatumiwa na wengi, fundi akiondoka si vigumu kumpata mwingine anayeifahamu, iwe Kahama, Mwanza au Dar es Salaam. Lakini uhuru huo una kazi yake. Programu na viongezeo vyake, ambavyo huitwa programu-jalizi, vinapaswa kusasishwa mara kwa mara. Tovuti ya WordPress iliyotelekezwa kwa mwaka mmoja ni mlango uliofungwa kwa kamba: wahalifu wa mtandaoni huingia na kuweka matangazo ya kamari au kurasa za ulaghai.

Msomaji atambue pia kuwa kuna WordPress mbili. WordPress.org ndiko inakopatikana programu huria, ambapo mtu hutafuta mahali pa kuihifadhi mwenyewe. WordPress.com ni huduma inayoendeshwa na kampuni ya Automattic, inayofanana zaidi na majukwaa ya kukodi ingawa kuhama kwake ni rahisi zaidi. Ni vyema kumuuliza fundi anakusudia ipi.

Aina ya tatu ni tovuti inayoandikwa upya na mtaalamu wa programu kwa ajili ya biashara moja tu. Njia hii huwafaa wenye mahitaji ambayo hayapo katika majukwaa ya kawaida, kama mfumo wa kupima mizigo unaounganishwa na hesabu za stoo. Kwa biashara ndogo na za kati ni gharama isiyo ya lazima, tena humfunga mwenye biashara kwa mtu mmoja anayejua kilichoandikwa humo ndani.

Bei ya mchele haisubiri fundi

Bidhaa kuu ya Kagongwa ina tabia ambayo jukwaa lazima liikidhi, nayo ni bei inayobadilika. Bei ya mchele wakati wa mavuno si ile ya miezi ambayo maghala yanaelekea kuwa matupu. Tovuti inayoonyesha bei ya miezi minne iliyopita humharibia mwenyewe, kwani mteja hupiga simu akiwa na hesabu isiyo sahihi, na akitajiwa bei mpya hudhani anaibiwa.

Kwa sababu hiyo, kipimo kizuri cha jukwaa ni kama mwenye biashara, au karani wake, anaweza kubadili bei mwenyewe kwa simu ya mkononi akiwa stoo. WordPress, Wix na Shopify zote zina programu za simu zinazowezesha kazi hiyo. Kabla ya kumlipa fundi sehemu ya mwisho ya fedha zake, mwenye biashara abadili bei moja na picha moja mbele yake. Akishindwa, kazi haijakamilika.

Yaliyomo nayo yafikiriwe kwa jicho la mnunuzi. Mnunuzi wa mchele hutaka kujua daraja, kiasi cha chenga, ujazo wa magunia, kiasi kinachoweza kupakiwa kwa siku moja na mahali lori litakapoegeshwa. Picha ya stoo halisi na ya mchele ulioshikwa kiganjani ina maana kubwa kuliko picha nzuri iliyochukuliwa mtandaoni.

Lugha nayo isisahaulike. Kiswahili kinatosha kwa wanunuzi wa ndani na wengi wa mashariki mwa Kongo, lakini kurasa chache za Kifaransa na Kiingereza huwasaidia wa Burundi na Rwanda. Joomla ina uwezo wa lugha nyingi ndani yake, ilhali WordPress huhitaji programu-jalizi kwa kazi hiyo.

Wasambazaji wa migodini

Kagongwa iko jirani na migodi ya dhahabu. Bulyanhulu iko Msalala, na mgodi mkubwa wa Geita, unaomilikiwa na AngloGold Ashanti, uko katika mkoa wa jirani. Buzwagi, uliokuwa karibu na mji wa Kahama na kuanza uzalishaji mwaka 2009, ulifikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021. Kufungwa kwa mgodi ni funzo kwa msambazaji wa chakula, vipuri au sare za kazi: asiyejulikana nje ya geti la mteja mmoja hupata shida siku geti hilo linapofungwa.

Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini za mwaka 2018 zinataka bidhaa na huduma za Watanzania zipewe kipaumbele. Kwa upande wa Serikali, zabuni hupitia mfumo wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023. Tovuti si mbadala wa usajili katika mifumo hiyo. Hata hivyo, ofisa manunuzi anayepitia majina ya wasambazaji asiowafahamu anaweza kufungua tovuti zao, na anachokitafuta ni kazi zilizokwisha kufanyika, leseni, anuani ya ofisi na mtu wa kuwasiliana naye. Msambazaji wa aina hii hahitaji duka la mtandaoni. Kurasa tano zilizoandikwa vizuri, pamoja na barua pepe yenye jina la kampuni badala ya ile ya bure, zinamtosha.

Malipo kwa simu

Anayetaka kupokea malipo ndani ya tovuti apime jambo hili kabla ya mengine. Mengi ya majukwaa ya kukodi yalibuniwa kwa wateja wanaolipa kwa kadi za benki. Shopify Payments, kwa mfano, hutolewa katika nchi chache na Tanzania haimo. Mteja wa Kagongwa hulipa kwa simu: M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008, Airtel Money, HaloPesa au Mixx by Yas, ambayo hadi mwaka 2024 ilijulikana kama Tigo Pesa.

Kuunganisha tovuti na huduma hizo hupitia kampuni za kati za malipo, kama Selcom na Pesapal. Muulize mtoa huduma wa malipo kama ana kiunganishi kilichokwisha tengenezwa kwa jukwaa unalolifikiria, makato yake ni kiasi gani na fedha huingia benki baada ya siku ngapi. Kwa anayeuza magunia mia mbili kwa wakati mmoja, malipo ya papo kwa papo mtandaoni si lazima. Fomu ya oda na namba ya simu inayopokelewa ni bora zaidi, kwa sababu biashara ya kiasi hicho haimaliziki bila mazungumzo.

Uzito wa kurasa

Mteja wengi wao hufungua tovuti kwa simu, akitumia kifurushi alicholipia. Picha moja inayopigwa kwa simu ya kisasa yaweza kuwa na megabaiti 4. Ukurasa wenye picha kumi za namna hiyo ni megabaiti 40, na mteja ataukimbia kabla haujafunguka. Picha hizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 100 kila moja, ukurasa wote unakuwa na takriban megabaiti 1. Baadhi ya majukwaa hupunguza picha yenyewe. Mengine huacha kazi hiyo kwa mwenye tovuti. Jaribio ni rahisi: fungua tovuti ya mfano iliyojengwa na jukwaa hilo kwa simu ya bei ndogo, mahali ambapo mtandao si wa kasi.

Mahali tovuti inapohifadhiwa nako kuna uzito wake. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na huduma ya intaneti ikazorota Tanzania na nchi nyingine za ukanda huu. Wakati kama huo, tovuti iliyoko kwenye seva ya ndani ya nchi ina nafasi kubwa zaidi ya kufikiwa na wateja wa ndani. Anayelenga zaidi wanunuzi wa nje anaweza kuchagua seva ya nje.

Hesabu ya miaka mitatu

Bei zinazotangazwa mara nyingi ni za mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili punguzo huondoka na gharama hupanda. Kwa hiyo linganisha majukwaa kwa jumla ya miaka mitatu: jina la kikoa, uhifadhi, kiolezo, programu-jalizi za kulipia, ujira wa fundi na matengenezo. Majukwaa ya nje hutoza kwa dola, hivyo thamani ya shilingi ikishuka gharama hupanda hata kama bei haikubadilika. Isitoshe, tangu mwaka 2022 sheria za kodi zimezigusa huduma za kielektroniki zinazotolewa na kampuni zisizo na makazi nchini, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inaweza kuongezwa kwenye ankara.

Cheti cha usalama, kinachofanya anuani ianze na https, kisikuongezee gharama bila sababu. Let's Encrypt hukitoa bila malipo, na watoa huduma wengi hukiweka pamoja na kifurushi cha kawaida.

Sheria na taarifa za wateja

Tovuti inayokusanya majina, namba za simu na oda za wateja inaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 chini ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Njia nyepesi ya kuiheshimu ni kutokusanya kisichohitajika. Fomu ya oda ya mchele haihitaji tarehe ya kuzaliwa ya mnunuzi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo humtaka anayeuza kwa njia ya kielektroniki amweleze mteja yeye ni nani na anapatikana wapi.

Siku ya kuondoka

Historia ya intaneti imejaa majukwaa yaliyofungwa. GeoCities, iliyokuwa na mamilioni ya kurasa, ilifungwa na Yahoo Oktoba 2009. Mfano wa karibu zaidi ni Machi 2024, ambapo Google ilizima tovuti rahisi za bure zilizotengenezwa kupitia huduma yake ya wasifu wa biashara. Waliokuwa na jina lao la kikoa waliweza kulielekeza kwenye tovuti nyingine na wateja wao wakaendelea kuwapata kwa anuani ile ile. Waliotegemea anuani ya bure waliyopewa na Google walianza upya.

Kabla ya kuchagua, kwa hiyo, muulize muuzaji au fundi maswali manne. Jina la kikoa limeandikwa kwa jina la nani? Nikitaka kuhama, nitaondoka na nini? Nakala ya akiba ya tovuti huchukuliwa mara ngapi na huwekwa wapi? Na usipokuwapo wewe, nani mwingine anaweza kuifanya kazi hii? Asiyeweza kuyajibu kwa maandishi hafai kukabidhiwa kazi, hata kama kiolezo chake kinapendeza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la tovuti liwe na jina la msajili, tarehe ya kulipia tena, jina la mtoa huduma ya uhifadhi na barua pepe iliyotumika kujisajili. Maneno ya siri yawekwe mahali pake, penye kufuli, na watu wawili wanaoaminika katika biashara wajue yalipo.

Kwa jumla, mwenye nyumba ya wageni au duka linaloanza, asiye na fundi wa karibu, anaweza kutumia jukwaa la kukodi ili mradi jina la kikoa ni lake. Mwenye mashine anayetafuta wanunuzi wa mbali, na msambazaji wa migodini anayetarajia kukua, watanufaika zaidi na WordPress au Joomla kwenye seva wanayoilipia wenyewe, pamoja na mkataba wa maandishi wa matengenezo. Kwa yeyote kati yao, hatua ya kuanzia ni moja: kusajili jina la kikoa kwa jina la biashara, kabla mtu mwingine hajalichukua.